Mkasi wa Kazi na Mkasi wa Nyumba

   

Sisi wa redioni tuna mazoea ya kumwambia msikilizaji, "Chukua kalamu na karatasi." Leo nami nakwambia hivyo hivyo. Chukua kalamu na karatasi. Nakusubiri.

Haya, umeipata? Inaandika? Au ya kwanza imekauka, ya pili haina kifuniko, na ya tatu ni ile ya kijani ya kupambia kadi? Na hiyo karatasi je, si umechana ukurasa wa nyuma wa daftari la mtoto? Kama ni hivyo, usione haya. Jioni hii nakuzungumzia wewe.

Nataka tuzungumze juu ya vifaa vya ofisini katika ofisi ndogo ya nyumbani. Peni, penseli, karatasi, stepla na pini zake, gundi, selotepu, bahasha, mafaili, risiti, muhuri. Vinunuliwe vipi, vikae wapi, vitunzwe namna gani visiharibike na visipotee.

Na nikisema ofisi ya nyumbani, usinifikirie chumba chenye kiyoyozi na kiti cha kuzunguka. Ninayo akilini meza moja iliyobanwa kati ya friji na kochi. Yuko mwalimu anayefundisha tuisheni barazani kwake. Yuko katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye makabrasha yote ya wanachama yanalala chini ya kitanda chake. Yuko dada anayeuza viatu mtandaoni na kufungia mizigo sebuleni. Yuko kijana anayewaandikia wenye maduka vitabu vyao vya hesabu. Hao wote wana ofisi, ila ofisi zenyewe hazina mlango.

Hapo pa kukosa mlango ndipo penye kisa chote. Wengi wakiona meza imevurugika wanasema, "Nafasi ni ndogo." Wanakwenda kununua kabati, au vile vikapu vya plastiki vya rangi rangi, na baada ya mwezi mmoja kikapu kimejaa na mkasi bado hauonekani. Mimi nasema hivi: vifaa vya kazi nyumbani havipotei kwa udogo wa nafasi. Vinapotea kwa sababu nyumba nzima inavitumia. Narudia, maana hapa ndipo penyewe: vinapotea kwa sababu nyumba nzima inavitumia.

Hebu tuufuate mkasi mmoja kwa siku moja. Asubuhi uko mezani kwako. Saa nne umekwenda jikoni kukatia pakiti ya maziwa. Saa nane uko barazani, binti anasukwa, unakata nyuzi za rasta. Saa kumi na moja yule mdogo kautwaa, ana kazi ya shule ya kubandika picha za wanyama. Saa mbili usiku unauhitaji wewe, kuna mzigo wa mteja unataka kufungwa. Unauliza, "Mkasi uko wapi?" Utajibiwa nini? Kila mmoja atasema, "Mbona niliurudisha!" Na hakuna anayekudanganya. Kila mmoja aliurudisha kweli, lakini aliurudisha pale alipoukuta yeye. Binti aliukuta jikoni, kaurudisha jikoni. Mtoto aliukuta barazani, kaurudisha barazani. Mkasi umezunguka nyumba nzima kwa uaminifu mkubwa, na hauko mezani.

Sasa, ukikataza itasaidia? Haisaidii. Nyumba inahitaji mkasi. Nyumba inahitaji peni ya kuandikia namba ya simu, selotepu ya kuziba pakiti ya sukari, rula ya mtoto wa darasa la tano. Ukiinyima nyumba vifaa hivyo, itavichukua tu, tena vile vizuri. Kwa hiyo ipe nyumba vya kwake.

Tafuta kopo, hata lile la maziwa ya unga linatosha. Mdomo wake kama una makali, uzungushie utepe wa umeme ili usikate vidole. Ndani yake weka mkasi wa bei ndogo, peni mbili tatu, penseli, kifutio, rula na selotepu. Hilo ndilo kopo la nyumba. Lisikae kwenye meza yako ya kazi. Liweke pale nyumba inapofanyia mambo yake, juu ya friji au pembeni ya televisheni. Kisha waambie wote, wakubwa kwa wadogo: kopo hili ni letu sote, lile la mezani ni la kazi.

Na vile vya kazi vifanyie mambo mawili. La kwanza, vikae ndani ya kitu chenye kifuniko. Kifuniko nakisisitiza. Katika nyumba zetu kitu kilicho wazi ni cha wote, na kilichofunikwa mtu hukiulizia kwanza. Hata boksi la viatu, mradi lina kifuniko, linaheshimiwa kuliko kikapu kizuri kilicho wazi. La pili, vitie alama. Chukua utepe mwekundu, zungushia kwenye mpini wa mkasi, kwenye stepla, kwenye rula, kwenye kalkuleta. Chenye utepe mwekundu ni cha kazi. Watoto watalishika neno hilo siku hiyo hiyo. Watu wazima watachelewa kidogo, na wageni sina dawa yao, maana mgeni akishaazimwa peni ya kutia sahihi ameshaipachika mfukoni na anaaga.

Na kwa kuwa tumewataja watoto, tazama kifuniko cha peni ya biro. Nyingi siku hizi zina kitundu juu kabisa ya kifuniko. Kile hakikuwekwa kwa urembo. Mtoto akikimeza kifuniko kikamkwama kooni, hewa ipate kupita wakati anawahishwa hospitali. Kwa hiyo peni yenye kifuniko kisicho na kitundu usiiweke kwenye kopo la nyumba, wala usiziache pini za stepla na zile za kubandikia ukutani mahali ambapo mtoto anayetambaa anafika. Ofisi yenye watoto wadogo huanza kupangwa kutoka sakafuni kwenda juu.

Haya, nyumba tumeshaipa vya kwake. Turudi kwenye meza ya kazi.

Nina jirani, kijana, ndiye huyo anayewaandikia wenye maduka hesabu. Meza yake ni ya futi tatu kwa mbili, haizidi hapo, na ina droo moja. Nilikaa naye siku moja nikimtazama anavyofanya kazi, na nikaona jambo. Mkono wake wa kulia hautafuti. Peni iko pale, anaichukua huku macho yako kwenye kaunta buku. Stepla iko upande wa kushoto, kwa sababu anabana kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshikilia karatasi. Panchi, ile ya kutoboa matundu, haiko mezani kabisa. Iko chini, ndani ya boksi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee, hii naitumia mwisho wa mwezi, siku ya kupanga mafaili. Ikae hapa siku zote inafanya nini?"

Jibu hilo nimelipenda. Wengi tunapanga kwa kutazama vitu vinavyofanana: peni zote pamoja, makaratasi yote pamoja, vya chuma vyote pamoja. Yeye amepanga kwa kufuata mkono. Cha kila saa kiko karibu na kiganja. Cha kila siku kiko kwenye droo. Cha mwisho wa mwezi mpaka ainame. Na cha mara moja kwa mwaka kiko juu ya kabati la nguo, mpaka apande stuli. Jiulize na wewe juu ya kila kitu kilichopo mezani kwako sasa hivi: mara ya mwisho nimekigusa lini? Kama hukumbuki, hicho si cha mezani.

Ndani ya droo yake sikuona vile vitrei vya kununua. Kuna bati la biskuti lililokatwa ukingo, lina pini na klipu. Kuna vifuniko vya makopo, kila kimoja na kazi yake. Wapo wanaokushauri utumie trei la mayai kwa vitu vidogo vidogo. Mimi nakukataza. Trei lile ni la karatasi laini, halisafishiki, na likivunjikiwa na yai hata mara moja umeshawaalika mende ndani ya droo yenye nyaraka zako.

Tukiwa bado kwenye droo, geuza stepla yako uitazame. Mara nyingi imeandikwa aina ya pini inazotumia: 24/6, au 26/6, au ile ndogo ya namba 10. Hiyo 24 inahusu unene wa waya, na 6 ni urefu wa miguu ya pini kwa milimita. Stepla nyingi za mezani zinakubali 24/6 na 26/6 zote mbili, lakini ile ndogo ya namba 10 haitaki nyingine yoyote. Watu wanakwenda dukani wanasema, "Nipe pini za stepla," wanapewa, wanarudi nyumbani haziingii. Pakiti inabaki kwenye droo miaka mitatu, si ya kutumia, si ya kutupa. Kwa hiyo iandike namba hiyo kwa maka peni juu ya kifuniko cha bati lako la pini, na ipige picha kwenye simu. Siku ya kwenda steshenari unamwonyesha muuzaji.

Sasa naomba msikilizaji wangu wa Tanga, wa Mtwara, wa Unguja na Pemba, wa Mombasa na Lamu, na sisi wa Dar es Salaam, tusikilizane kwa makini. Wa Dodoma na Singida nawajia, nanyi mna lenu.

Vitabu vingi vya kupanga ofisi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi kavu. Wanakufundisha rafu za kupendeza, hawakufundishi unyevu. Kwetu pwani adui wa karatasi ni unyevu na joto, na adui huyo haonekani mpaka ameshafanya kazi yake. Karatasi hunywa maji ya hewani. Ukiiacha rimu wazi wakati wa masika, Machi hadi Mei, karatasi za juu zinajikunja pembe. Ukizitia kwenye printa, zinaingia mbili mbili au zinakwama, nawe unailaumu printa. Unamwita fundi, fundi anafungua, anafunga, anachukua hela yake, na kesho zinakwama tena.

Fanya hivi. Ile karatasi nzito inayofunga rimu usiichane yote. Nyingi za namna hiyo zimepakwa utando kwa ndani wa kuzuia unyevu, ndiyo kazi yake. Fungua upande mmoja, toa karatasi unazohitaji, kunja tena, bana kwa kibanio cha nguo. Rimu ilale, isisimame, kwa sababu ikisimama inapinda tumbo na haitanyooka tena. Na isiguse sakafu wala ukuta wa nje. Weka ubao juu ya matofali mawili, ndipo uweke katoni. Unyevu unapanda kutoka sakafuni, na mchwa nao wanapanda kutoka huko huko. Mchwa hawana haraka. Wanaweza kula katoni ya mafaili kutokea chini, na kwa juu ukaiona nzima mpaka siku unapoinyanyua.

Kuna vidudu vingine, vile vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Hao pamoja na mende wanapenda gundi na wanga ulioko kwenye migongo ya vitabu na kwenye maboksi. Kwa hiyo chai na andazi kwenye meza ya kazi, mimi sikukatazi, nami nakunywa, lakini makombo yasilale humo. Zile dawa nyeupe za vidonge zenye harufu kali, kama una watoto nyumbani ziache, mtoto huzidhania peremende. Bora vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya, vyenye chembe za kunyonya unyevu. Usivitupe. Vitie kwenye boksi la bahasha na la nyaraka, ila navyo vikae ndani ya kilichofungwa, mtoto asivifikie.

Bahasha nazo zina kisa. Zile zenye gundi ya kulamba, ukizirundika kwenye hewa ya unyevu zinajifunga zenyewe. Siku unataka moja, unakuta zote zimeshafungwa, na ndani hamna barua. Ziweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na chukua chache tu za kukaa mezani.

Klipu za chuma je? Hizo ndizo zinazoniuma zaidi. Ukibana mkataba wako kwa klipu ukauweka kwenye faili huko Tanga au Unguja, ukija kuufungua baada ya miaka michache klipu imeshika kutu, na kutu imechora alama ya kahawia kwenye kurasa zote za juu. Wakati mwingine imekula mpaka imetoboa. Karatasi za kupita, bana kwa klipu. Za kukaa miaka, ondoa chuma chote, ziweke kwenye bahasha moja au zifunge kwa utepe wa pamba, kama wanavyofunga masjala. Fundi cherehani yeyote atakupa vipande vya utepe bila kukutoza.

Na zile rababendi, mipira ya kufungia noti, kwa risiti usitumie hata kidogo. Joto linaiyeyusha. Kwanza inanata, halafu inakauka na kukatika, na ile iliyonata inabaki imeganda kwenye karatasi. Ukiibandua inaondoka na maandishi.

Selotepu vilevile. Cheti cha kuzaliwa kimechanika, au hati ya kiwanja, mtu anakimbilia selotepu. Leo inaonekana safi. Baada ya muda inageuka njano, gundi inapenya kwenye karatasi, plastiki inabanduka, na doa halitoki. Waraka wa namna hiyo uweke tu kwenye bahasha kubwa ulivyo, na ukatafute nakala iliyothibitishwa.

Tupumue kidogo, maana ninalotaka kusema sasa ni la fedha.

Zile risiti za mashine, za EFD kwetu Tanzania, na za mashine nyingine za namna hiyo Kenya, hazina wino. Unalijua hilo? Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka nyeusi inapopata joto, na mashine inaichoma kidogo kidogo ikaandika. Sasa, kama joto ndilo lililoiandika, basi joto pia litaiharibu. Iache juu ya dashibodi ya gari au dirishani, inakuwa nyeusi au inafifia. Ishike kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi, inafifia. Itie kwenye mfuko laini wa plastiki inayong'aa, nayo plastiki nyingine ina vitu vya kuilainisha vinavyokula maandishi. Na usije ukaipeleka kwenye laminesheni kwa nia ya kuitunza. Ile mashine ni ya moto. Risiti itatoka nyeusi tii.

Kwa nini nasema ni jambo la fedha? Kwa sababu sheria inataka uitunze. Sheria ya usimamizi wa kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na Kenya nayo, katika sheria yake ya taratibu za kodi ya mwaka huo huo, imeweka miaka 5. Miaka 5, msikilizaji! Risiti ya karatasi ile, kwenye joto letu, mara nyingi haifiki huko ikiwa inasomeka. Siku ya ukaguzi utatoa bahasha iliyojaa vipande vyeupe.

Ufanyeje? Siku hiyo hiyo unapoipata, ipige picha kwa simu, na picha usiiache peke yake kwenye simu, maana simu huibiwa. Itume pia kwenye baruapepe yako. Kisha mara moja kwa wiki kusanya risiti zote, zipange juu ya karatasi moja ya A4, sita au nane zinaenea, nenda kwa mtu wa fotokopi. Nakala ya fotokopi itadumu kuliko risiti yenyewe. Asili na nakala ziweke pamoja, bila chuma, kwenye bahasha ya karatasi, juu andika mwezi na mwaka. Bahasha kumi na mbili kwa mwaka mzima, zinaingia kwenye boksi moja la viatu. Hiyo ni masjala kamili ya duka dogo, na haijakugharimu kabati.

Wa Dodoma na Singida, nimesema nawajia. Kwenu unyevu si tatizo kubwa, vumbi ndilo lenyewe. Funika printa kwa kitambaa kila unapomaliza kazi, hata kanga ya zamani. Na maka peni zenu za ubao mweupe zinakauka haraka zaidi zikiachwa wazi. Hizo, kwenu na kwetu, zilale chali, zisisimame kwenye kopo. Zikisimama, rangi inatuama upande mmoja na ncha inatoa maji maji. Peni za biro hazina matatizo hayo, zilaze au zisimamishe ncha chini, wino wake ni mzito na unashuka kwa uzito wake. Chaki, kwa walimu wa tuisheni wa pwani, ni bati lenye kifuniko tu.

Labda unasema, mimi nataka rafu. Sawa, nenda kwa seremala, wa Keko hapa Dar es Salaam au wa mtaani kwako. Lakini usimwambie tu, "Nitengenezee rafu ya mafaili." Atakutengenezea rafu ya vyombo. Mpe vipimo. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, lakini faili lenyewe ni kubwa kuliko karatasi. Lile boksi faili gumu, lenye chuma cha kubana ndani, lina urefu wa karibu sentimita 32. Kwa hiyo nafasi kati ya ubao na ubao iwe sentimita 35, na kina kisipungue 30. Mwambie pia ubao usiwe mwembamba. Rimu moja ya karatasi za gramu 80 ina uzito wa kilo mbili na nusu. Katoni ya rimu 5 ni kilo kumi na mbili na nusu, yaani nusu ya mfuko wa unga wa kilo 25. Ubao mwembamba wenye urefu wa mita moja, ukiupa katoni mbili, unapinda kabla mwaka haujaisha.

Na mpangaji je, ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya msumari ukutani? Nenda sokoni ununue ule mfuko mrefu wa kitambaa wenye vijifuko, wanaouuza kwa ajili ya kupangia viatu. Unautundika nyuma ya mlango kwa kulabu. Kila kijifuko kinameza kitu: peni kimoja, gundi kimoja, kalkuleta kimoja, bahasha ndogo kimoja. Ukihama unaukunja na kuondoka nao. Tena ukifungua mlango mgeni haoni kitu, na asichokiona hakiazimi.

Bado muhuri. Huu siuweki pamoja na peni, na wewe usiuweke. Kwetu karatasi yenye muhuri inaaminiwa kuliko mtu aliyeileta. Muhuri wa biashara yako, kitabu cha hundi, na vitabu vya risiti ambavyo havijaandikwa, vikae ndani ya droo yenye ufunguo, na ufunguo usining'inie kwenye droo hiyo hiyo. Pedi yake ya wino, uiweke kifudifudi, kifuniko chini. Wino hushuka, kwa hiyo ukiigeuza unakusanyika juu kwenye kitambaa, na siku ukiihitaji muhuri unatoka vizuri, hausomeki nusu.

Kununua sitakawia. Bei ya jumla pale Kariakoo inavutia, najua. Lakini boksi la peni hamsini kwa mtu mmoja ni fedha iliyolala, na peni nazo zina umri. Karatasi nunua ya kutosha kipindi, usiingie nayo masika katoni tatu. Na vifaa vya shule vya Januari, kaunta buku na mikebe ya watoto, visipite kwenye meza yako hata kwa usiku mmoja. Vikipita, utaanza mwaka bila rula.

Tafuta Jumamosi moja ya Februari, kabla ya masika. Toa kila kitu, droo yote, kopo lote, mwaga kwenye mkeka. Chukua karatasi chakavu, jaribu peni moja baada ya nyingine. Iliyokufa itupe hapo hapo, usiirudishe kwa huruma. Inayoandika lakini imepoteza kifuniko, peleka kwenye kopo la nyumba, huko haitakaa sana. Pini za stepla zisizoingia popote, mpe jirani ambaye stepla yake inazikubali. Mafaili yageuze uyatazame chini, kama kuna udongo wa mchwa. Watoto wakikusaidia kazi inakwisha kabla ya adhuhuri, nao watagombea nani ajaribu maka peni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia nyaya na chaja, ambazo jioni hii nimezikwepa kwa makusudi. Wenye swali lihifadhini mpaka siku hiyo.